Mdogo wangu ana B ya pointi 64, anataka B.Com: Lower Kabete, Strathmore, USIU ama KCA?

DadaMkubwa_Pipeline

Habari zenu wakubwa. Naomba ushauri, na naomba msinicheke.

Mdogo wangu alifanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, akapata B ya pointi 64 kati ya 84. Biashara A, Kiswahili A-, historia B+, Kiingereza B, biolojia B-, kemia C+, na hesabu C+. Anataka kusomea biashara, hilo amelisema tangu kidato cha pili na hajawahi kubadilisha wimbo. Kinachotusumbua ni chuo.

Yeye moyo wake uko Strathmore kwa sababu marafiki zake wawili wanaenda huko. Mama yuko Mumias anauza mitumba, na kwake yeye chuo kikuu ni Nairobi, vingine vyote ni vya watu wenye pesa za kuchezea. Mjomba aliye Qatar amesema kijana akiingia Strathmore atalipa nusu ya karo. Nusu nyingine ni mimi. Nafanya kazi Industrial Area kwenye uchapishaji, na nikishalipa nyumba, chakula na kutuma nyumbani, ninachoweza kutoa bila kukopa ni kama elfu kumi na tano kwa mwezi.

Kazini kuna mmoja ananiambia USIU, mwingine KCA. Kwa wanaojua: tofauti iko wapi hasa? Na mwajiri huangalia jina la chuo ama ni hadithi za mtaani?

Komredi_Mstaafu

Dada, mama yako nampa kura yangu. Mimi ni zao la Lower Kabete kwa hivyo chukua maneno yangu na chumvi kidogo.

Wengi hawajui kwamba biashara ya Chuo Kikuu cha Nairobi haiko pale mjini karibu na Norfolk. Iko Lower Kabete, kampasi tulivu yenye miti, mbali na vurugu za katikati ya jiji. Siku hizi inaitwa Kitivo cha Biashara na Sayansi za Usimamizi, tangu wapange upya chuo 2021. B.Com ni miaka minne. Miwili ya mwanzo kila mtu anasoma yale yale: uhasibu, uchumi, hesabu za biashara, takwimu, sheria. Baadaye ndipo unachagua njia: fedha, uhasibu, masoko, bima, rasilimali watu, ununuzi na ugavi. Hiyo ni nzuri kwa mtoto ambaye anasema "biashara" lakini hajui ni biashara gani.

Na wale uliosoma nao ndio mtaji. Ukiingia benki yoyote hapa mjini, ukitembelea KRA ya ushuru, ukienda wizarani, utampata mtu wa Kabete. Chuo kina umri, watu wake wamejaa kila mahali.

Wanjiku_Madaraka

Komredi, watu wa Kabete wamejaa kila mahali kwa sababu ni wengi, hakuna siri hapo 😂

Mimi nimetoka Strathmore juzi tu. Wacha niseme ninachokijua bila kuuza chuo.

Uhasibu ndio mizizi ya pale. Strathmore ilianza 1961 kama shule ya kidato cha tano na sita, ikaingia kwenye uhasibu miaka ya sitini hiyo hiyo, ikapata hati ya chuo kikuu 2008. Utaratibu ni mkali. Mahudhurio yanahesabiwa, na ukikosa madarasa mengi huketi mtihani, hata uwe na akili namna gani. Kila mwanafunzi ana mshauri wa kukaa naye na kuzungumza. Mavazi yana masharti: usije na kaptura ama suruali iliyotoboka magotini ukitarajia kupita langoni. Wengine huona ni shule ya upili iliyorefushwa. Mimi ilinifaa, kwa sababu nikiachiwa uhuru mwingi nalala.

Muhula unaanza siku iliyoandikwa na kuisha siku iliyoandikwa. Ulipanga kumaliza mwaka fulani, unamaliza mwaka huo. Thamani ya hilo huwezi kuielewa mpaka uone rafiki zako wa vyuo vya umma wakingoja.

Lakini dada, karo. Tofauti kati ya Strathmore na chuo cha umma si ya maelfu, ni ya malaki kila mwaka. Piga hesabu ya miaka minne, usipige ya muhula wa kwanza. Elfu kumi na tano kwa mwezi ni laki moja na elfu themanini kwa mwaka. Hiyo peke yake haifiki nusu, nakwambia ukweli. Kwenye tovuti yao kuna jedwali la karo la kila kozi, lichapishe ukalitazame ukiwa umeketi.

MwalimuWaKlasta

Kabla hatujapigania majina ya vyuo, tuangalie kama kijana anafika. Watu huruka hatua hii.

KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, haiangalii pointi 64 peke yake. Kwa B.Com inachukua masomo manne: hesabu, Kiingereza ama Kiswahili (kile kizuri zaidi), somo moja la sayansi ama la historia na jamaa zake, na jingine moja kutoka makundi hayo ama biashara. Kwa kijana wako: hesabu C+ ni 7, Kiswahili A- ni 11, historia B+ ni 10, biashara A ni 12. Jumla 40 kati ya 48.

Kisha: 40 gawa kwa 48, zidisha na 64 gawa kwa 84, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, zidisha kwa 48. Napata kama 38.2. Hayo ni makadirio ya kalamu na karatasi, hesabu kamili ataipata akiingia kwenye akaunti yake ya KUCCPS, maana wao wana marekebisho yao. Hapo hapo ataona kiwango ambacho kila chuo kilifungia mwaka uliopita. Ailinganishe namba yake na B.Com ya Nairobi, ya Kenyatta, ya JKUAT. Kiwango hupanda na kushuka kulingana na wangapi wameomba, kwa hivyo asiweke vyuo vyenye kiwango kile kile kwenye orodha yote. Aweke kimoja cha kutamani, kingine cha kutoshana naye, na kingine ambacho hata mambo yakiharibika ataingia.

Ile C+ ya hesabu ndiyo imemshusha. Kama angekuwa na B pale, tungekuwa tunaongea lugha nyingine.

DadaMkubwa_Pipeline

Mwalimu, Mungu akubariki. Nimemwonyesha hiyo hesabu, ameirudia mwenyewe kwa simu mara kadhaa akitafuta 40 iwe 41 😅

Wanjiku asante kwa ukweli. Lakini mjomba ameahidi, na ahadi ni deni.

Mzee_wa_Ngara

Ahadi ni deni, sawa. Deni la nani? Muhula wa tatu mjomba akibadilishiwa mkataba huko Qatar, chuo hakitampigia yeye simu. Kitakupigia wewe.

Mama_Tatu

Mwanangu Pipeline, mimi ni mama wa watatu, wawili wameshapita chuo. Nikuambie habari ya pesa za serikali kwa sababu vijana hapa wanaongea kana kwamba kila mtu bado analipa ile elfu kumi na sita kwa mwaka tuliyozoea. Siku hizo zimekwisha.

Tangu 2023, mtoto akishapangiwa chuo cha umma anaomba ufadhili kwenye tovuti ya HEF, mfumo wa serikali wa kufadhili elimu ya juu. Anajaza habari za nyumbani: wazazi wanafanya nini, mapato, wangapi wako shuleni, shule aliyosoma ilikuwa ya karo gani. Wanampima na kumweka kwenye kundi, kuna makundi matano. Kundi la kwanza, la wasiojiweza kabisa, familia inabaki kulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi. Kundi la tano familia inabeba asilimia 40. Zinazobaki ni ufadhili usiorudishwa na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Kumekuwa na kesi, Mahakama Kuu ikasema Desemba 2024 kwamba mfumo huo ni kinyume cha katiba, serikali ikakata rufaa. Kwa hivyo fuatilia mambo yalivyo mwaka huu wenu, usitegemee ya jirani.

Jambo kubwa kwako ni hili. Ule ufadhili usiorudishwa ni wa vyuo vya umma. Akienda chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo wa HELB, basi. Mkopo wa HELB riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, na wanatarajia uanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, uwe na kazi usiwe nayo.

Wa pili wangu waliniwekea kundi la juu wakidhani nina mali kwa sababu mtoto alisoma shule ya upili ya kulipia. Ile shule alilipiwa na kanisa! Tulikata rufaa kwenye tovuti hiyo hiyo, tukaambatisha barua ya kanisa na ya chifu. Ilichukua muda lakini walishusha. Kwa hivyo wewe kijana wako akijaza, mama anauza mitumba aandike anauza mitumba. Asiandike "mfanyabiashara" akidhani ni heshima. Hilo neno litamgharimu.

Juma_Kayole

😂😂 "mfanyabiashara" imewamaliza wengi. Baba ana boda moja kijana ameandika "mkurugenzi wa usafiri".

Komredi_Mstaafu

Mama Tatu umenena. Pale kwa chifu, aende asubuhi.

Kasarani_Mwisho

Hakuna aliyezungumzia USIU kwa hivyo nitasimama mimi.

Iko Kasarani, unashuka Thika Road unaingia ndani kidogo. Ilianza 1969, ikapata hati ya Kenya 1999, na ina ithibati mbili: ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hapa kwetu na ya WSCUC ya Marekani. Kama kijana ana ndoto ya kuhamia chuo cha Marekani katikati ama kwenda kusomea shahada ya pili huko, hiyo ithibati inarahisisha maneno. Kozi yao kubwa ya biashara ni ile ya usimamizi wa biashara ya kimataifa. Darasani utakaa na Mrundi, Mkongo, Msomali, Mnigeria, na kazi za makundi ni nyingi. Ukija ukiwa mtu wa kunyamaza utafunguka tu.

Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba unalipia kwa idadi ya masomo unayochukua. Muhula pesa zimepungua, unachukua masomo machache badala ya kuahirisha mwaka mzima. Kuna muhula wa kiangazi pia, mwenye mbio anamaliza mapema. Lakini bei ya somo moja... dada, kaa kitako kabla ya kuiangalia. Kwa hali uliyoeleza singeiweka kwenye orodha, labda apate ufadhili. Ufadhili upo ila unagombaniwa.

msomi_wa_jioni

Nimesoma uzi wote nikingoja mtu ataje CPA, cheti cha kitaaluma cha uhasibu. Hakuna! Watu wa Nairobi mnapenda majina ya vyuo kama majina ya timu za mpira.

KCA unayoisikia hapo Ruaraka ilianzishwa 1989 na ICPAK, chama cha wahasibu wenyewe. Ilikuwa mahali pa kufundishia watu mitihani ya uhasibu kabla haijawa chuo kikuu, hati walipata 2013. Karo yao iko chini ya Strathmore na USIU, na madarasa ya jioni yapo. Mimi nilifanya hivyo, mchana kazini jioni darasani, nikitoka pale usiku na kupanda matatu za Thika Road na watu waliochoka kuliko mimi. B.Com na CPA nilizifanya zikifuatana bega kwa bega.

CPA ina hatua tatu, mbili za kwanza zina masomo sita kila moja. KASNEB, bodi ya mitihani hiyo, hutahini Aprili, Agosti na Desemba. Kuingia ni C+ ya KCSE, kwa hivyo huyu kijana anafaa LEO, hahitaji kungoja chuo kifunguliwe. Kati ya sasa na Septemba anaweza kuwa amekalia masomo matatu ya hatua ya kwanza. Nasikitika nikiona kijana ana B, ana miezi mingi nyumbani, anabonyeza simu.

Kama atafanya B.Com kwanza, akimaliza KASNEB itamsamehe baadhi ya masomo ya CPA kulingana na alichosoma, ila kuna ada ya kusamehewa, na kusamehewa si kujua.

DadaMkubwa_Pipeline

Swali la kijinga: kwani akiwa na B.Com ya uhasibu si tayari ni mhasibu?

MhasibuWaMtaa

Si la kijinga, dada. Hata wanaomaliza chuo huliuliza wakiwa wamevaa joho.

Mimi ni mhasibu, nimekaa upande wa pili wa meza wakati wa kuchagua watu. Nitaeleza jinsi mambo yanavyokwenda kwa ofisi ya kawaida hapa Nairobi, si kampuni za magazetini.

Tangazo la nafasi moja ya karani wa hesabu huleta barua mamia. Hakuna mtu anayesoma mamia. Aliyepewa kazi ya kupunguza anatafuta sababu ya kuweka pembeni. Sababu ya kwanza ni CPA: imeandikwa kwenye tangazo, huna, kwaheri. Ya pili ni daraja la shahada, wanataka daraja la pili la juu kwenda mbele. Jina la chuo huingia hapo katikati, kwa mtu anayetafuta kazi yake ya kwanza ambaye hana kingine cha kuonyesha. Nikiwa na wawili sawasawa kabisa, mmoja wa Strathmore na mwingine wa chuo nisichokijua, ndiyo, jicho litaangukia kwa Strathmore. Sitadanganya. Lakini ni mara chache wawili huwa sawasawa kabisa. Huyu ana atachimenti (mazoezi ya kazi) ya miezi mitatu kwenye sako, chama cha akiba na mikopo, ambako alikuwa anapatanisha taarifa za benki, yule alienda mahali akatumwa chai. Swali langu moja tu: "Nieleze ulipata vipi tofauti ya daftari na benki, na uliimaliza vipi." Aliyefanya kweli hueleza mpaka unamkatiza. Ambaye hakufanya huanza kunieleza umuhimu wa upatanisho katika uchumi wa taifa.

Baada ya kazi ya kwanza, chuo kinakuwa mstari mmoja chini ya karatasi.

Na kuna kitu ambacho Strathmore, Kabete, hata Harvard haiwezi kukufutia: baadhi ya makampuni makubwa ya ukaguzi huuliza alama ya KCSE ya hesabu na Kiingereza. Si shahada, KCSE. Kijana ana C+ ya hesabu. Mlango ule wa kupokea wahitimu wapya kwenye kampuni kubwa za ukaguzi unaweza kuwa mwembamba kwake hata akitoka chuo ghali kuliko vyote mjini. Kwa hivyo kama sababu ya kulipa malaki ni "atachukuliwa na Deloitte", angalieni masharti yao ya kuajiri kwanza, ndipo mlipe.

Njia nyingine zipo tele: benki, sako, viwanda, mashirika, kaunti, kampuni ndogo za ukaguzi ambazo humchukua kijana mwenye CPA hatua ya pili bila kuuliza alisoma wapi.

Wanjiku_Madaraka

Nakubaliana na mengi, ila Mhasibu umepunguza kitu. Chuo kizuri si jina tu kwenye karatasi. Pale kwetu kampuni zinakuja zenyewe kuongea na wanafunzi, na ofisi ya ajira hukuandalia mahojiano ya mazoezi. Kijana wa Mumias asiye na mjomba serikalini anahitaji hilo kuliko mtoto wa Lavington.

MhasibuWaMtaa

Hapo umenishika. Ni kweli. Mwenye njia za nyumbani hahitaji ofisi ya ajira.

Juma_Kayole

Mbona hamtaji vyuo vingine vya umma? Kenyatta iko Kahawa, JKUAT iko Juja, zote zina B.Com. Na kuna Chuo Kikuu cha Ushirika pale Karen. Watu hukidharau kwa sababu hakina kelele. Kilianza 1952 kufundisha watu wa vyama vya ushirika, kikapata hati 2016. Nchi hii ina sako kila kona, kuanzia za walimu mpaka za matatu, na zote zinahitaji mtu wa hesabu, wa mikopo, wa ukaguzi wa ndani. Binamu yangu alisomea pale, alifanyia atachimenti kwenye sako ya wakulima wa chai, wakambakisha.

Pia fikiria nyumba. Akiwa Juja ama Kahawa Wendani chumba ni nafuu kuliko Madaraka iliko Strathmore, na mboga utapata za shilingi ishirini. Kama anaweza kulala kwako Pipeline, je, atafika Lower Kabete saa mbili asubuhi? Apitie mjini, abadilishe gari, mvua inyeshe... Hapana. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku kwa muhula mzima ni kodi ya chumba. Aombe chumba cha chuo mapema.

Gari_la_Saa_Kumi

Na migomo? Mmesahau 2025? Wahadhiri wa vyuo vya umma waliweka chaki chini Septemba mpaka Novemba, karibu wiki saba. Hilo ndilo mnataka kumpeleka mtoto wa watu?

Komredi_Mstaafu

Migomo ipo, sikatai. Wakati wetu pia ilikuwepo. Ukiweka mambo yako sawa unaitumia. Kuna wenzangu walifanya masomo mawili ya CPA katikati ya mgomo.

Gari_la_Saa_Kumi

Na alama zinazopotea? Mimi nilimaliza chuo fulani cha umma, jina nabaki nalo, nikakosa kufuzu na wenzangu kwa sababu ya alama ya somo moja la mwaka wa pili. Mtihani nilikaa. Mhadhiri alikuwa wa kibarua, alishaondoka. Nikawa nazunguka idara na karatasi ya mahudhurio kama mtu anayetafuta mbuzi wake.

Msimamizi

Tusiweke majina ya wahadhiri hapa, tafadhali. Nimefuta ujumbe mmoja.

Mama_Tatu

Pole sana mwanangu. Dawa yake ni hii: kila muhula matokeo yakitoka, mtoto ayafungue siku hiyo hiyo. Ikikosekana moja, aende idarani wiki hiyo akiwa na ushahidi kwamba alifanya, nakala za majaribio ya katikati ya muhula zilizosahihishwa azihifadhi kwenye faili. Wa kwanza wangu alikuwa na faili la manjano, tulimcheka, yeye ndiye hakupoteza hata alama moja.

DadaMkubwa_Pipeline

Wakubwa, nimerudi. Jumapili tuliketi, mimi na yeye hapa Pipeline, mama kwenye simu, tukaufungua uzi huu tukausoma pamoja. Alipofika pale pa Mhasibu kuhusu kupatanisha benki akaniuliza "kwani daftari na benki hukosana aje?" Nikamwambia akamuulize Mhasibu.

Nilifuata ushauri wa Wanjiku, nikachapisha jedwali la karo. Nimefanya kazi na karatasi miaka mingi lakini hiyo ilikuwa nzito. Hata mjomba akilipa nusu yake yote bila kukosa, nusu yangu inanizidi kwa mbali. Nikampigia mjomba. Nikamuomba hivi: kijana akienda chuo cha umma, wewe badala ya nusu ya Strathmore mlipie CPA na laptopu, ni pesa kidogo sana ukilinganisha.

Amekataa. Anasema alisema Strathmore, hakusema CPA. Anasema huko Qatar watu humuuliza mpwa wake anasoma wapi.

Mzee_wa_Ngara

Nilijua.

msomi_wa_jioni

Basi hakuwa anamlipia kijana, alikuwa anajilipia yeye 😂 Pole dada. Lakini ni afadhali umejua sasa kuliko mwaka wa pili.

Wanjiku_Madaraka

Pole dada. Kama bado moyo wake uko Madaraka, aandike ombi la ufadhili kabla ya kufunga mlango. Kuna ufadhili wa wenye mahitaji, wanaangalia alama na hali ya nyumbani. Si rahisi, lakini kuomba hakuhitaji mjomba. Akikosa, hajapoteza kitu ila ada ya fomu.

DadaMkubwa_Pipeline

Ataomba, tumekubaliana hivyo. KUCCPS ataweka B.Com ya Nairobi juu, halafu Kenyatta, halafu Ushirika. Kiwango cha Nairobi cha mwaka uliopita kiko karibu na namba yake, kwa hivyo ni kushikilia roho. Mama amefurahi, ameshaanza kuwaambia watu sokoni kwamba mtoto wake ni wa Nairobi, hata bado hajapangiwa.

CPA nitamlipia mimi, polepole. Tumehesabu: usajili wa KASNEB na masomo mawili ya kwanza vinatoshea kwenye elfu kumi na tano zangu za miezi miwili mitatu ijayo, akisoma nyumbani bila kulipia darasa. Vitabu amepata vya kuazima kwa kijana wa ghorofa ya nne.

Swali la mwisho. Aanze na masomo gani mawili? Yeye anataka uhasibu wa fedha na sheria. Kutoka kwa hesabu anakimbia.

MhasibuWaMtaa

Uhasibu wa fedha, sawa. Sheria aiache mpaka muhula mwingine, aweke ile karatasi ya hesabu na takwimu. Sasa hivi yuko nyumbani, ana nafasi, na hesabu ya kidato cha nne bado iko kichwani. Akiingia chuoni atakutana na hesabu za biashara mwaka wa kwanza, pawe Kabete ama Karen, na huko hakuna wa kumngoja.

Mwambie aniandikie kwenye ujumbe wa pembeni nimtumie karatasi za zamani. Na lile swali la daftari na benki: hukosana kwa sababu wewe umeandika hundi leo na mwenye hundi anaipeleka benki wiki ijayo. Benki nayo inakata ada yake bila kukuuliza. Aanzie hapo.

DadaMkubwa_Pipeline

Ameshakuandikia. Angalia, ni yule anayejiita CFO_wa_Mumias 🤦🏾‍♀️

Juma_Kayole

CFO kwenye fomu ya HEF asiandike hivyo!